Mchoraji aliyeishia Yanonge: Allard l'Olivier na sura ya nchi yetu

Yanonge wote tunaijua. Ukishuka mto toka Kisangani, upande wa kushoto, kilomita karibu 60, unafika kule kabla ya kuona Yangambi. Njo njia ya kwenda Opala kwa ndugu zetu Wambole, na njo pale mitumbwi na masua zinapakia mchele, mihogo na mafuta ya ngazi kwa kulisha mji wetu. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba mu vitabu vya uchoraji vya Ulaya jina la Yanonge linapatikana pia, juu ya mtu mmoja: Fernand Allard l'Olivier, mchoraji wa Ubelgiji, aliyeanguka mtoni kutoka ku masua na kufa pale tarehe 10 Juni 1933.

Mtu wa Kisangani akisikia 10 Juni hawazi mchoraji. Anawaza mwaka 2000, ile vita ya siku sita ya askari wa Rwanda na wa Uganda ndani ya mji wetu, iliyoanza tarehe 5 na kuisha tarehe 10. Ni mambo ya kalenda tu, hatutafuti maana nyingine mu mfanano huo. Lakini unatusaidia kusema tangu mwanzo kwa jicho gani tutamwangalia mtu huyu. Tarehe moja inabeba kifo kimoja chenye jina, mwaka, na mahali. Inabeba tena vifo vingi ambavyo watu wa mbali wanavijua kwa hesabu tu. Mu sanaa ya wakati wa ukoloni mambo ni sawa vile. Kuna anayechora, jina lake linaandikwa chini ya picha kwa rangi nyekundu ao nyeusi. Na kuna anayechorwa.

Tuseme kwanza maisha yake, kwa ufupi, maana si marefu. Alizaliwa Tournai, mji wa Ubelgiji ulio karibu na mpaka wa Ufaransa, tarehe 12 Julai 1883. Alisomea Paris, ku Akademia Julian, masomo ya mtu binafsi ambamo vijana wa nchi nyingi walikuwa wanajifunza kuchora mwili wa mtu mbele ya mtu mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka mkono ushike. Vita ya 1914 ilipokuja, akawa mmoja wa wachoraji wa kile kikundi cha sanaa ambacho jeshi la Ubelgiji lilianzisha mu 1916 kule ku fronti ya mto Yser: askari wenye kubeba penseli, wachore matope, mahandaki, nyumba zilizobomoka na wenzao waliochoka. Mu 1928 akaja Kongo mara ya kwanza, akafika pia Rwanda. Mu 1932 akarudi. Safari hii ya pili hakuimaliza. Alikuwa na miaka 49.

Hakuwa wa kwanza, wala wa mwisho. Auguste Mambour alikuja mu 1923. André Hallet yeye akajenga maisha yake Kisenyi, kando ya ziwa Kivu, hata akafia kule mu 1959. Wachoraji hao Wabelgiji walikuja kwa njia mbalimbali, lakini walikuta njia imekwisha kupigwa na watu waliowatangulia, na wale hawakuwa wachoraji wa rangi. Walikuwa wachonga-picha.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi watu wa Boyoma moja kwa moja. Stanley alipita maporomoko yetu mu Januari 1877, akipigana na watu na maji pamoja. Kitabu chake kikatoka London mwaka uliofuata, 1878, kimejaa picha. Wakati ule mashine za kuchapa hazikuweza kuweka fotografi ndani ya kitabu pamoja na maandishi. Ilibidi picha ichongwe: fundi anachukua kibao cha mti mgumu, kilicholainishwa kabisa, anachonga na kutoa kila mahali panapotakiwa kubaki peupe, anaacha mistari itakayoshika wino. Fundi yule alikuwa amekaa London. Mbele yake alikuwa na michoro ya haraka ya Stanley, maneno yake, pengine fotografi chache. Mto wetu hajauona. Maji yanavyopiga kelele pale Wagenia hajayasikia. Alichonga maporomoko sawa vile alivyozoea kuchonga maporomoko, na miti kama alivyozoea kuchonga miti ya nchi ya joto. Njo picha zile dunia ilipata kwanza juu ya Kisangani, na zikasambaa kuliko rangi ya mchoraji yeyote.

Kwa hiyo Allard l'Olivier alipofika mu 1928, jicho la Ulaya lilikuwa limekwisha kuona Kongo kabla ya kuja Kongo. Sifa yake ya kwanza, na tunampa bila kinyongo, ni kwamba alijaribu kufuta ile mistari myeusi ya wachonga-picha na kuweka mwangaza mahali pake.

Mwangaza njo neno la kukumbuka kwake. Mu vitabu vya Stanley bara letu ni la giza, hata jina la kitabu chake kile linasema hivyo. Kwa Allard l'Olivier hakuna giza. Jua liko kila mahali: juu ya mchanga, juu ya maji, juu ya kitambaa cha mwanamke anayetoka sokoni. Na hasa juu ya ngozi. Alielewa kitu ambacho wachoraji wengi weupe hawakukielewa, kwamba ngozi nyeusi si rangi moja. Kahawia, tena nyekundu, na mahali ambapo anga inaigusa, begani ama mgongoni, kuna bluu na hata zambarau. Angalia mtu wa kwetu anayetoka kuoga mtoni saa nane ya mchana, utaona mchoraji hakusema uongo. Alipenda kumweka mtu mbele ya mwangaza, jua liwe nyuma yake, kusudi mwili uwe na mpaka wa moto na katikati ubaki na kivuli chenye rangi nyingi. Ile ni kazi ya mtu aliyesoma vizuri na aliyeangalia vizuri. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja kila mara.

Tunazipenda zaidi picha zake ndogo, zile anazofanya mbele ya kitu chenyewe, kwa haraka, kabla jua halijahama. Mule rangi imewekwa kwa pigo nene, mkono haujapata wakati wa kudanganya. Soko, watu wamekaa chini, mwavuli, pwani. Anaona vile mwili unavyoinama kubeba, vile shingo inavyonyooka chini ya mzigo. Katika picha hizo hakuna hotuba.

Lakini mtu akipindua picha na kusoma jina lake nyuma, njo shida inaanza. "Mwanamke wa kabila fulani." "Mcheza ngoma wa mahali fulani." "Soko la fulani." Ni kabila na mahali, mahali na kabila. Mchoraji alikaa na mtu yule saa moja, saa mbili. Alihesabu rangi za bega lake. Hakuuliza jina, ao aliuliza na hakuona faida ya kuliandika. Na wanawake, mara nyingi kifua wazi, wamesimama sawa vile wamesimamishwa, kwa ajili ya sebule ya mtu wa Bruxelles ambaye mke wake mwenyewe hangekubali asimame vile mbele ya mgeni. Kuna watakaotujibu kwamba hata Ulaya wachoraji hawaandiki jina la kila mwanamke aliyesimama mbele yao, na kwamba ku Akademia Julian ilikuwa vilevile. Ni kweli. Tofauti ni kwamba Mfaransa aliyechorwa bila jina ana wenzake elfu walioandikwa majina mu picha nyingine. Ukuta mzima wa watu weusi hauna jina moja.

Na mambo haya yanakuwa mazito zaidi tukikumbuka alifia wapi. Kutoka Kisangani mpaka Isangi ni mto wa Walokele, na Walokele ni watu wa lokole, ule mti uliotobolewa unaosema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa kufuata namna lugha yao yenyewe inavyopanda na kushuka. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliyejifunza lokole na kuandika juu yake mu 1949, ameeleza vizuri namna ilivyo. Kwa lokole mtu haitwi kwa neno moja tu, anaitwa kwa msemo mrefu: jina lake mwenyewe, la baba yake, kijiji cha mama yake, kusudi asichanganywe na mwingine. Hata wazungu walipewa jina la ngoma. Carrington mwenyewe alikuwa nalo. Ndiyo kusema masua ya mchoraji ilikuwa inapita kati ya pwani mbili ambapo kila mtu, mkubwa na mdogo, alikuwa na jina refu kuliko lile la mchoraji mwenyewe. Naye alikuwa anabeba sanduku la picha za watu wasio na jina.

Hatusemi hivi kwa kumshitaki mtu aliyekufa maji. Tunasema kwa sababu ya kazi yake ya pili, ile iliyompa mkate zaidi na sifa zaidi: kupamba.

Mtu akisikia "mchoraji wa mapambo" anafikiri ni kazi ndogo, kazi ya kuweka maua ku pembe za ukuta. Wakati ule ilikuwa kazi kubwa ya leta. Ubelgiji ilikuwa inaonyesha koloni lake kwa watu wake na kwa dunia: Anvers mu 1930, Paris mu 1931. Nyumba ya Kongo ya Ubelgiji kule Vincennes, mu maonyesho ya Paris, ilijengwa kwa ramani ya Henry Lacoste, mwana wa Tournai pia, aliyeiga namna ya nyumba zetu za nyasi akazifanya ziwe jumba. Maonyesho ya Paris yalifungua Mei 1931 yakafunga Novemba, na tikiti zaidi ya milioni 30 ziliuzwa. Kuta za maonyesho ya namna ile zilihitaji picha kubwa, na Allard l'Olivier, aliyekuwa ametoka safari na masanduku yake yamejaa michoro, njo alikuwa mtu wa kazi hiyo.

Sasa angalia picha ndogo inapata nini ikipanda ku ukuta. Yule mtu aliyeinama sokoni anakuwa "kazi". Yule mwanamke anakuwa "mavuno". Miili inasafishwa, inanyooshwa, inapangwa vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Mizigo inabebwa bila jasho. Hakuna aliyechoka, hakuna mgonjwa, hakuna mlinzi mwenye fimbo. Yule askari-mchoraji wa Yser aliyejua kuchora uchovu, mkono uleule, hapa haukumbuki tena uchovu unafananaje. Kwa maoni yetu njo hukumu nzito kuliko zote juu ya kazi yake, na si ya siasa tu, ni ya sanaa. Mchoraji anayejua kitu na anakiacha, picha yake inabaki na tundu, hata kama rangi ni nzuri.

Maana mwaka uleule wa 1931, wakati watu wa Paris wanapanga foleni Vincennes, bei ya mafuta ya ngazi ilikuwa imeanguka dunia nzima, na makampuni yakashusha malipo ya mkata-ngazi huku kodi ikibaki vilevile. Kule Kwilu Wapende wakakataa. Jeshi la koloni likaingia, na waliouawa walipita 500. Ngazi zilikuwa zinakatwa kwetu pia, ku mto huuhuu: kampuni ya Lever ilikuwa na eneo lake tangu 1911, na Elisabetha yake, leo Lokutu, iko chini ya Yanonge mu njia ya masua. Pamba nayo ilikuwa ya kulazimishwa tangu 1917. Ukuta wa maonyesho ulikuwa na kazi ya kufunika mambo haya kwa rangi. Tena ile Rwanda ya wacheza ngoma warefu waliompendeza sana ilikuwa chini ya mwami Musinga, ambaye Wabelgiji wenyewe walimwondoa ku ufalme mu Novemba 1931. Picha za wacheza ngoma ziliendelea kuuzwa.

Wenzetu fulani wa chama, tulipozungumza juu ya makala hii, walituuliza: basi pambo ni uongo? Tunajibu hapana, na hapa tunarudi ku mila zetu, kwa sababu kijitabu hiki ni cha mila.

Kwetu pambo halikuwa kitu cha kufunika. Chukua Wambole wa Opala, wale ambao Yanonge ni mlango wao. Mu chama chao cha lilwa walikuwa na sanamu inayoitwa ofika: uso wa namna ya moyo, umepakwa rangi nyeupe-nyeupe, mabega yameinama, miguu inaning'inia bila kukanyaga. Ni mtu aliyenyongwa. Alivunja sheria kubwa, pengine alitoa siri ya lilwa nje, na sanamu yake inaonyeshwa vijana wanaoingizwa, pamoja na habari ya kosa lake. Kwa mtu wa Ulaya anayeikuta mu kabati ya kioo, ofika ni uzuri wa mistari. Na ni nzuri kweli. Lakini uzuri wake unakwenda pamoja na jambo la kutisha ambalo haulifichi hata kidogo. Ama chukua liganda, ule upanga-mkuki wa chuma unaofika urefu wa mtu, wa Waturumbu, Watopoke na Walokele. Haukatwi nao kitu, hauchomwi nao mnyama. Ni mali ya kuolea, na fundi aliufanya mwembamba na wenye sura kusudi thamani ionekane machoni. Huko nako pambo linasema wazi kazi yake ni nini: hii ni mahari, hesabu.

Kwa hiyo tunampima Allard l'Olivier kwa kipimo cha Wambole. Pambo lako linafanya kazi gani, na linaikubali wazi ao linaificha? Picha zake ndogo zinapita mtihani huo. Kuta zake kubwa hazipiti.

Tuna kipimo kingine tena, nacho kinatoka mu nchi hiihii na mu miaka ileile. Mu 1926, kule Bukama mu Katanga, mtumishi wa serikali mmoja Mbelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa ukutani, akamtafuta aliyezichora. Alikuwa Albert Lubaki, mchonga-pembe. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, naye Lubaki, pamoja na mke wake Antoinette ambaye pia alichora, akahamisha ukuta ku karatasi: mti mmoja, ndege, treni, chui, watu wanatembea juu ya mstari, na peupe pengi kati yao. Mu 1929 karatasi zile zikaonyeshwa Bruxelles, ku Jumba la Sanaa, kisha zikafika Genève na Paris. Ndiyo kusema kwamba mwaka mmoja baada ya Allard l'Olivier kuja kututafuta na rangi zake, Kongo ilikuwa imekwisha kujichora na kujipeleka yenyewe Ulaya. Watu wakapenda, magazeti yakaandika. Baadaye wakubwa wakagombana kuhusu kazi hiyo, karatasi na rangi zikaacha kuja, na Lubaki akapotea mu maandishi. Siku ya kufa kwake haimo mu kitabu chochote. Mbelgiji aliyeanguka mtoni ana tarehe, 10 Juni. Mkongo aliyetangulia wachoraji wetu wote wa karatasi hana.

Lubaki alikuwa mtu wa mapambo kweli, wa kuta na wa pembe. Linganisha mti wake na mti wa Allard. Wa Allard una saa: ni saa tisa, kivuli kimelala upande huu. Wa Lubaki hauna saa, ni mti, uko vile watu wanavyoujua. Hatusemi mmoja ni bora. Tunasema mmoja anaonyesha kile mgeni anaona siku anapita, mwingine anaonyesha kile mwenyeji anajua bila kuangalia.

Na hapo kuna jambo ambalo limetusumbua muda mrefu, sisi watu wa msitu. Allard l'Olivier, na Hallet pia, walipenda zaidi Kivu, Rwanda, maziwa, milima, mahali ambapo jicho linakwenda mbali na kukuta mstari wa anga. Tunaelewa sababu. Desturi ya kuchora mandhari iliyotoka Ulaya inataka umbali: kitu karibu, kitu katikati, kitu mbali chenye bluu. Msitu wetu hauna umbali. Ukiingia mita ishirini huoni tena ulipotoka. Hakuna anga, hakuna mwisho, kuna kijani juu ya kijani na sauti. Kwetu mto peke yake njo unafungua jicho. Mchoraji aliyefundishwa Paris akifika ndani ya msitu anakosa mahali pa kuanzia, basi anaupita ku masua, anauchora sawa vile ukuta mweusi nyuma ya watu. Hatujui lawama gani tungempa juu ya hilo. Ni mipaka ya masomo yake.

Lakini angalia watoto wetu. Hapa Kabondo, ukimwambia mtoto wa kidato cha kwanza achore mandhari, bila kumpa mfano, mara tisa juu ya kumi atakuchorea milima miwili ya pembe tatu, jua linatoka katikati yake lina miali kama buibui, mto unashuka umepinda, nyumba yenye dohani, na mnazi. Milima! Mtoto huyu amezaliwa kati ya Tshopo na mto mkubwa, hajaona mlima hata siku moja. Dohani hajui ni ya nini. Mlima ule umetoka mu kitabu, kilichotoka mu kitabu kingine, mpaka mwisho ukifuata nyayo unafika kwa yule fundi wa London na kibao chake. Wagenia iko dakika chache toka nyumbani kwake, na miti yake mikubwa iliyosimikwa ndani ya mawe, kamba za msitu, na zile mitego za namna ya kikapu kirefu zinazoshuka ndani ya povu. Watalii wameipiga picha mara elfu. Mtoto haioni kama ni kitu cha kuchora.

Wale wa Elisabethville walipata jibu la namna yao. Mu 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, alifungua karakana iliyoitwa Hangar, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtu asiige Ulaya, achore kile anachokijua. Pilipili Mulongoy akatoka mule, na Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa vidole. Mu picha ya Pilipili, samaki, nyoka, ndege na majani vinajaza karatasi kutoka pembe hadi pembe kwa nukta na mistari midogo, bila mbali, bila anga. Wengine wameiita pambo tu, kwa kuidharau. Kwa jicho letu la watu wa msitu, njo mandhari sahihi kabisa: unakuwa ndani, si mbele. Ni kweli pia kwamba Romain-Desfossés alikuwa baba mwenye kuamuru, na kwamba "usiige Ulaya" ikisemwa na mzungu ni amri ya Ulaya vilevile. Alifariki mu 1954, wanafunzi wake wakaendelea. Mu 2015 Paris ilimwona tena Pilipili pamoja na Lubaki na wengine, mu maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo ku Fondation Cartier.

Inabaki kujua tufanye nini na Allard l'Olivier, sisi wa pande za Yanonge. Kumtupa ni rahisi, na ni hasara. Jumba la makumbusho la Tervuren lina kazi zake. Nyingine zinauzwa mara kwa mara ku minada ya Bruxelles, kutoka sebule moja kwenda nyingine. Mu Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ya kwetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo Tervuren, na mazungumzo ya kuvirudisha yanazungumzia sanamu, vinyago, mali ya wafalme. Hakuna anayewaza picha za mafuta zilizopakwa na Wabelgiji, na kwa haki hazikuibwa. Hatuombi zirudi. Tunaomba nakala: picha zilizochapwa vizuri, kwa rangi, za michoro yake ya safari mbili, hasa ile midogo, pamoja na kila neno alilolitia ku daftari zake juu ya mahali na siku. Masomo ya Kisangani, ya Isangi na ya Opala yanaweza kuzitundika ku kalasi.

Kwa sababu mambo mawili yanaweza kufanyika nazo mara moja. La kwanza ni la kozi ya kuchora: mwalimu amwonyeshe mtoto bega lile lenye bluu, kisha amtoe nje saa nane aangalie bega la mwenzake, na karatasi ya pili asichore mlima. La pili ni la wazee, na halitangoja sana, maana mtu aliyekuwa mtoto wa miaka mitano mu 1933 leo amepita 90. Picha ikiandikwa mahali na mwaka, inaweza kupelekwa pale ilipochorwa, iwekwe mbele ya watu wa jamaa zile, na waulizwe huyu ni nani. Pengine ku picha hamsini watataja jina moja. Liandikwe chini, upande wa pili wa lile la mchoraji, kwa herufi za ukubwa uleule.